Meza Iliyokatwa Miguu

Minjila, 14 Januari 2024

Mjomba wangu Awadh,

Assalaam aleikum, na shikamoo juu yake. Sisi huku wazima, ila Mama, ambaye goti humuuma kila aonapo ndoo ya maji na hupona kila asikiapo harusi. Mchele wa Ozi umepatikana mzuri mwaka huu, anauuza pale njia panda, na jioni hurudi na habari nyingi za watu wa Tana kuliko redio. Anakusalimu. Anauliza kaka yake atakuja lini, nami nimemwambia nitauliza.

Nimekupigia simu mara nne tangu mwaka uishe, hushiki. Kwa hivyo naandika, na barua nampa utingo wa basi la Mombasa anayekijua kibanda chako.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo cha ufundi hapa Garsen kimenirudisha darasani. Unakumbuka mwaka jana walinizuia kufanya mtihani wa ushonaji, kwa sababu vyerehani vyao vyote ni vya kukanyaga, na miguu yangu tangu ile ajali ya pikipiki haisikii hata nikiichoma sindano. Sasa mkuu wa chuo, Bwana Reuben, ameniambia wazi: "Ummi, lete cherehani unachoweza kukiendesha mwenyewe. Mwisho wa Juni nikikuona unashona, nakuandikisha mtihani wa Agosti. Nisipokuona, nafasi nampa mwengine, na sitakurudisha tena."

Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kutia uzi nikiwa darasa la nne. Sitaki kuwa mgonjwa wa Mama mpaka kiyama. Nataka karatasi yenye jina langu na neno fundi. Nisaidie kuchagua cherehani.

Kile kiti cha magurudumu ulichonitumia bado kinang'aa kama siku kilipofika.

Wako,
Ummi


Mombasa, 29 Januari 2024

Mwanangu Ummi binti Nuriya,

Waaleikum salaam. Barua imefika, imenuka samaki, nikajua ni ya kwetu. Mimi mzima. Mwambie dada yangu goti alipake mafuta ya simsim na aache kupenda harusi za watu. Habari ya kuja, tutaona, kazi ni nyingi.

Simu yangu imeharibika. Ya pili nayo imeharibika. Hizi za siku hizi hazina umri. Uandike tu, barua haiishi chaji.

Sasa sikiliza, maana hapa umegusa kazi yangu. Watu wakisikia miguu haifanyi kazi hukimbilia cherehani cha kuzungusha kwa mkono. Wamekosea. Kile hula mkono wa kulia kizima, unabaki na wa kushoto peke yake kuongoza kitambaa. Kwa pindo la shuka, sawa. Kwa kola ya shati utalia. Wewe miguu ndiyo iliyolala, mikono yako yote miwili iko macho, kwa nini tukunyang'anye mmoja? Nina mteja hapa mwenye mkono mmoja, huyo nimempa cha kukanyaga, akaniambia kila mtu alikuwa akimshauri kinyume. Kazi ya fundi ni kuangalia kiungo gani kimebaki na nguvu, kisha kukipa shughuli.

Kwa hivyo wewe nitakutilia mota. Pedeli nitaitoa chini niilete pembeni, uikanyage kwa kiwiko. Kiwiko kinakanyaga, viganja viwili vinaongoza. Ukizoea utawashinda wenye miguu.

Kilichobaki ni vipimo. Tufanye kama tufanyavyo kwa wateja wa kike: fundi mwanamume hamgusi mwanamke wa watu, anamwambia leta gauni linalokukaa, nami nitapima gauni. Gauni lako ni kile kiti. Nipimie kiti, toka chini hadi pa kukalia, hadi pa kuwekea mikono, na upana wake. Meza nitaijenga kukifuata.

Mjomba wako,
Awadh


Minjila, 11 Februari 2024

Mjomba,

Salamu nyingi. Mama mzima. Joto hapa limezidi, hata mbuzi wanagombania kivuli cha choo.

Vipimo vya kiti ni hivi: kutoka chini hadi pa kukalia inchi ishirini, hadi pa kuwekea mikono ishirini na tisa, na upana wa nje inchi ishirini na sita. Nimevipima mara mbili.

Mama alitaka niongeze jambo jingine, nimemwambia si la barua.

Nakushukuru sana, Mjomba. Sana.

Ummi


Mombasa, 20 Machi 2024

Mwanangu Ummi,

Ramadhani njema kwenu nyote. Mimi nafunga, na nikifunga mkono wangu hutulia, kwa hivyo cherehani chako nimekimaliza ndani ya siku tisa za mfungo. Kinakuja na basi la kesho, nimekifunga magodoro kila upande. Mwenye kukishusha vibaya mwambie namjua mama yake.

Kichwa ni cha chuma, cha zamani, kitamzika mjukuu wako. Mota ni mpya. Meza ina kimo cha inchi thelathini, na nimeikata tundu la nusu duara mbele ili kiti chako kiingie ndani na tumbo lako likutane na mbao. Pedeli imekaa kulia, sawasawa na pa kuwekea mkono. Ukikaa kitini, kiwiko kitaiangukia chenyewe. Nimekaa hapa juu ya kiti cha mteja cha kimo hichohicho, nimeshona foronya tatu kwa kiwiko. Watoto wa mtaani wamenicheka, nami nimewacheka.

Sijapata kutengeneza kitu kikanipendeza hivi.

Awadh


Minjila, 2 Aprili 2024

Mjomba mpenzi,

Tunaendelea na mfungo, alhamdulillahi. Mama anapika tambi kila jioni, tunafuturu na jirani yetu Qabale, Muorma anayetuletea maziwa.

Cherehani kimefika salama. Ni kizuri sana. Rangi nzuri, meza nzuri, kila anayeingia anakisifu. Mama amekitandikia kitambaa cha maua kisiingie vumbi. Mungu akulipe kheri.

Eid ikifika tutakukumbuka.

Ummi


Mombasa, 18 Aprili 2024

Ummi,

Eid mubarak ingawa imepita. Nilikula biriani kwa jirani nikaumwa na tumbo, hiyo ndiyo habari yangu.

Nimeisoma barua yako mara tano. Umeandika "nzuri" kila mstari. Neno "kushona" silioni hata mara moja. Mimi nina miaka arubaini kazini. Mteja akisifu sana gauni bila kulivaa, kuna mahali linambana.

Nitumie kipande ulichoshona. Hata kitambaa cha kufutia meza. Juni haiko mbali.

Awadh


Minjila, 27 Mei 2024

Mjomba Awadh,

Assalaam aleikum. Usituone kimya ukadhani tumekudharau. Mto ulifurika, barabara ikakatika, basi la Mombasa hatukuliona wiki nne. Maji yalifika mlangoni kwetu yakasimama hapo kama mgeni asiyekaribishwa, kisha yakarudi. Nyumba nzima, Mama mzima, mchele wake magunia mawili yamelowa na amelia kama waliokufa ni watu. Cherehani tulikipandisha juu ya kitanda, hakikupata hata tone.

Kipande cha kushona sikutumii. Sina.

Nina barua yako ya mwezi wa nne hapa mapajani tangu ilipovuka maji, na nimechoka kudanganya. Gauni ulilolipima si langu, Mjomba. Kile kiti sikikalii.

Nilikikalia miezi miwili ya mwanzo. Ni kipana kwangu, nikikaa naanguka upande na mgongo unawaka moto kabla ya saa moja kwisha. Hapitiki mlangoni nacho mpaka wanibebe. Nje, miiba ya mathenge ilitoboa magurudumu mara sita, na mvua ikinyesha udongo mweusi unayameza. Nikaacha. Nakitoa siku za wageni tu, nakaa juu yake nikitabasamu, wakiondoka nashuka. Siku zote nakaa chini, kwenye mkeka, nimeegemea ukuta, miguu nimeinyoosha. Hapo nakata vitambaa, napiga pasi, nachambua mchele wa Mama. Nina mikono yenye nguvu, Mjomba, natembea nyumba nzima kwa mikono.

Ulipouliza vipimo vya kiti, Mama aliniambia nikuandikie ukweli. Sikuweza. Uliuza pikipiki yako ukanunua kiti kile, nani angekuambia hakinifai? Nikapima nilichoambiwa nipime. Nimejaribu kushona kwa cherehani chako mara kumi na moja. Nikikaa kitini naanguka, nikikaa chini sikifikii. Juzi Qabale alikuja na maziwa akanikuta nimekaa chini ya cherehani naangalia juu, nalia. Akasimama na kibuyu chake akasema, "Weye nakaa chini, hii chombo nakaa juu. Moja lazima ishuke. Weye hapana weza panda. Sasa?"

Bado mwezi mmoja. Nisamehe.

Ummi


Mombasa, 5 Juni 2024

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilikasirika kwa muda wa kunywa kahawa moja. Kahawa ilipokwisha nikaona aibu, kwa sababu kosa ni langu. Fundi mzima anaagiza vipimo vya kiti badala ya mtu! Mteja akiniletea gauni la kuazima nikashona kwa kulifuata, nani mjinga? Na kiti kile, nikuambie kweli, nilikipenda mimi kuliko ulivyokipenda wewe. Nilipokilipia nilihisi nimekuponya. Sasa nakuomba ukitoe kwa anayekiweza, na moyo wangu uko radhi kabisa.

Kwa kuwa umesema lako, na mimi niseme langu. Simu zangu zote mbili ni nzima. Masikio ndiyo yaliyokwisha, mwaka wa pili huu. Mteja akisema nipunguze kiuno, mimi naongeza. Sijaja Minjila kwa sababu sikutaka Nuriya anione nikiitikia "naam, naam" kwa kila neno kama kasuku. Mpe barua hii aisome mwenyewe, mimi sina uso wa kumwambia.

Sasa kazi, haraka. Usikirudishe kwangu, hatuna siku. Kaa unavyokaa siku isiyo na mgeni. Kalia sponji nene, si mkeka mtupu. Mwili usiosikia hufanya vidonda na mwenyewe hujui, kwa hivyo kila nusu saa jiinue kwa mikono, uhesabu kumi, ukae tena. Ukiwa juu ya sponji, legeza mabega, kunja kiwiko, Mama apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Hapo ndipo pawe uso wa cherehani. Kisha apime unene wa mapaja. Mbao ipite juu yake, na vidole viwili vipite katikati. Ikigusa, ipandishe.

Mpe vipimo seremala aliye karibu, akate miguu ya meza. Asiogope. Mbao mimi nimeikata mara nyingi na haijawahi kunilaani. Pedeli aishushe pamoja na meza, upande uleule wa kulia, lakini safari hii ifuate kiwiko chako na asitazame kingine.

Na asipime ukiwa umejinyoosha kwa adabu. Kaa ovyo, kama kwenu.

Mjomba wako kiziwi,
Awadh


Minjila, 29 Juni 2024

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Salamu baadaye. Fungua bahasha, toa kitambaa, tazama. Nimeshona mimi!

Haya, sasa salamu. Mama mzima. Barua yako aliisoma nje peke yake, akarudi macho mekundu akasema, "Mpumbavu yule, mimi nilijua tangu mazishi ya shangazi, nilimwita mara tatu nyuma yake." Kisha akapika kaimati, sijui kwa furaha ya nini.

Seremala Baya alikuja Jumatano na msumeno. Mama alishika mguu wa meza akakataa katakata, "Kitu kizuri hivi!" Nikamwambia, "Mama, kizuri ni kwa wageni." Akaachia. Baya akakata, mguu wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne, na kila mguu ukianguka nilihisi kama ninafunguliwa kamba. Qabale alikuwepo, akatoa sauti kama ya harusi ya kwao.

Siku ya kwanza pedeli ilinitoroka. Kiwiko ni kizito kuliko nilivyodhani, nikikiweka tu sindano inakimbia kama mbuzi aliyeona fisi, mshono unaishia ukutani. Nikafikiri siku nzima. Mwisho nikakata kipande cha ndara kuukuu, nikakibandika chini ya pedeli, sasa haishuki zaidi ya nusu. Inakwenda polepole, inanitii.

Jana Bwana Reuben amekuja na daftari lake. Alitafuta pa kukaa akakosa, akachutama. Nikashona mbele yake mfuko wa shati. Akaandika. Nilipoona ameandika jina langu, nilisahau kumkaribisha chai. Nimeandikishwa, Mjomba! Nimeandikishwa!

Ummi wako


Mombasa, 12 Julai 2024

Ummi,

Alhamdulillahi, na tena alhamdulillahi. Mimi mzima, moyo mweupe.

Kitambaa nimekitazama kwa miwani. Mwanzo wa mshono umepinda kidogo, katikati umenyooka, mwisho umefanya haraka kwa furaha. Mtihani haupendi furaha. Kaza uzi wa juu robo mzunguko, uzi wa chini uuache ulivyo. Kola uifanye mara kumi kabla ya Agosti.

Ndara yako imeniaibisha na kunifurahisha. Mimi nilikuwa nachonga kabari za mbao kwa kazi hiyo na wateja wakilalamika zinalia. Nimemwekea raba mteja mmoja jana, mama mwenye mguu unaotetemeka, amefurahi sana. Nimemwambia ni ufundi wa Minjila.

Nikaribishwe Septemba. Nimemwandikia dada yangu mwenyewe, barua yake iko ndani ya hii, usiisome.

Awadh


Minjila, 8 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Nimepita. Naandika kwanza hilo usije ukasoma salamu kwa wasiwasi. Nimepita, karatasi imetoka juzi, ina muhuri, ina jina langu lote mpaka la babu.

Mama anakusubiri, ameshanunua kuku. Sasa nikusimulie ile siku, maana hukuwepo.

Tulikuwa kumi na wawili. Wenzangu kumi na mmoja kwenye vyerehani vyao vya kukanyaga, mimi chini karibu na dirisha, juu ya sponji, miguu chini ya mbao. Kazi ilikuwa shati la mwanamume la mikono mifupi, lenye kola na mfuko, kwa muda wa saa sita. Mtahini alitoka Hola, Bi Hodan, mama mnene wa Kisomali mwenye miwani na rula ya chuma. Alipoingia akapita meza zote, akanifikia mimi, akasimama.

Mwalimu mmoja akaanza kusoma kanuni kwamba mtahiniwa sharti aketi kwenye mashine yake wakati wote. Nikafikiri, miezi yote hii, na sasa nafukuzwa kwa neno moja. Bi Hodan akamwambia, "Si ameketi? Hapa aliyesimama ni mimi." Akaendelea na safari yake.

Nikashona. Kola niliifungua mara moja nikairudia, sikuharakisha. Nilijiinua kila nusu saa nikahesabu kumi, wenzangu wakadhani nasali. Nikamaliza zikibaki dakika ishirini.

Wakati wa kukagua, wengine wote walimpelekea shati mezani. Mimi nilipotaka kujiburuta nimpelekee akanizuia kwa mkono. Alitaka kuniona nikishona, si kuona shati tu. Akavua viatu, akashika ukuta, akashuka polepole akihema, akakaa kwenye mkeka ubavuni mwangu. Alinitaka nipige mshono wa kuficha mbele yake. Akainama mpaka miwani yake ikawa karibu na kiwiko changu, akatazama kinavyokanyaga. Akageuza kola ndani na nje. Akapima mfuko kwa ile rula. Kisha akaandika kitu kwa kalamu nyekundu.

"Basi," akasema, "umemaliza."

Akataka kuinuka, ikashindikana. Akajaribu tena. Magoti yamekataa. Bwana Reuben akaja mbio kumshika, Bi Hodan akamfukuza, haguswi na mwanamume. Darasa zima hakuna anayethubutu kucheka. Akanigeukia mimi.

Nikakaza kiganja kimoja sakafuni, kingine nikakikaza kwenye mbao, nikamwambia, "Bi Hodan, egemea hapa." Akaweka mkono wake mzito juu ya bega langu, akavuta pumzi, akaegemea kwa uzito wake wote, nami sikutikisika, akasimama.

Ummi binti Nuriya,
Fundi